Maji Kwenye Mchuzi

Mama Mwiko hakuwa na mzaha na upishi wake. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu mwiko haukumtoka mkononi tangu asubuhi mpaka jioni. Mgahawa wake ulikuwa mdogo: meza chache, mabenchi, jiko la mkaa na ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta huo palikuwa na karakana ya seremala, na mashine yake ya kuranda mbao ilinguruma kutwa nzima. Aliyetaka maharage hakujisumbua kusema. Alinyoosha kidole tu.

"Mimi hata siisikii," Mama Mwiko alikuwa akisema, na kwa kweli alishaizoea.

Jioni alipeleka nyumbani chakula kilichobaki, akala na mumewe. Zamani mumewe alikuwa dereva wa lori. Presha ilimtoa kwenye usukani. Sasa alishinda nyumbani, akimeza dawa na kupalilia mchicha wake mlangoni. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache.

Jioni moja Mama Mwiko alitoka kunawa mikono. Aliporudi, alimkuta mumewe akimimina kikombe cha maji ya kunywa kwenye bakuli la mchuzi. Alikuwa akikoroga haraka haraka, kama mtoto anayeiba sukari.

"Unafanya nini, baba watoto?"

Mume alishtuka. "Mchuzi umezidi chumvi, mama. Sikutaka kukuudhi."

"Umezidi chumvi? Watu kule wanaramba sahani, wewe unautia maji?"

"Siku nyingi nautia maji," mume alisema kwa sauti ndogo.

Siku nyingi! Damu ilimchemka Mama Mwiko.

"Tangu uache lori, hakuna kinachokupendeza humu ndani!"

Alijuta papo hapo, lakini neno lilikwisha kutoka. Mume alisogeza kikombe kando. Kuanzia siku hiyo hakutia maji tena. Alikula mchuzi kama ulivyo, akasema asante, akaenda kukaa nje. Mama Mwiko alibaki na vyombo vyake na moyo mzito.

Siku chache baadaye mhudumu wa afya wa mtaa alipita kumpima mgonjwa wake. Alikuwa dada mcheshi, lakini alipotazama kipimo, kicheko kilimkauka.

"Baba, dawa unameza?"

"Kila siku."

"Mbona presha imepanda kuliko mara ya mwisho? Ikiendelea hivi unaweza kupooza. Au chakula kina chumvi nyingi?"

Mume alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu.

"Chakula ni kizuri," alisema. "Mke wangu anajua kupika."

Mama Mwiko alitamani ardhi ipasuke imeze aibu yake. Mtu huyu alikuwa akimlinda yeye, huku afya yake ikiharibika.

Kesho yake hakutulia. Aliuonja mchuzi, akaona uko sawa. Akamwuliza mteja mmoja, akamwuliza na mwingine, akipaza sauti kushinda mashine.

"Chumvi imezidi?"

"Hapana, mama! Imetulia kabisa!"

Basi nani mkweli? Mchana ule mhudumu wa afya naye aliingia kula. Alikaa karibu na ukuta, akaagiza wali na mchuzi, akala kwa furaha. Alipofika katikati ya sahani, umeme ulikatika. Mashine ilinyamaza. Ghafla watu walisikia vijiko vikigonga sahani, hata mkaa ukilia jikoni.

Mteja mmoja alitafuna, akasita. "Mama Mwiko, umeongeza chumvi?"

"Wapi! Jungu ni lile lile."

"Lakini hata mimi naisikia sasa," alisema mwingine, akivuta jagi la maji.

Mama Mwiko alichota mchuzi kidogo, akauonja. Uso ulimkunjamana. Chumvi! Tena si haba.

"Nani ametia chumvi kwenye jungu langu?" aliuliza. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akicheka.

Mhudumu wa afya aliweka kijiko chini. "Hakuna aliyetia, dada. Kilichobadilika ni kelele."

"Kelele na chumvi wapi na wapi? Mimi naonja kwa ulimi, sionji kwa sikio."

"Ndivyo tunavyodhani. Lakini ulimi haufanyi kazi peke yake. Pua inausaidia, macho yanausaidia, na masikio nayo yamo. Habari zote zinakwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa zikiujaza ubongo, ladha ya chumvi au ya sukari inaweza kufifia. Hupotezi ladha yote, inapungua tu. Wewe unaonja, unaona bado, unaongeza kidogo. Kesho unaongeza tena kidogo. Ulimi unazoea, na wateja wanaokula humu humu hawashtuki."

Mama Mwiko alikaa kwenye benchi. Akilini alikuwa akimwona mumewe na kile kikombe cha maji.

"Na anayekula nyumbani, penye utulivu?"

"Huyo ndiye anayeipata chumvi yote."

Machozi yalimlenga. Alieleza yote palepale, bila kujali wateja. Mhudumu alimshika mkono.

"Usijilaumu, hukujua. Sasa acha kukisia. Pima chumvi kwa kijiko kidogo. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, katika vyakula vyake vyote. Kwa mwenye presha, punguza zaidi. Tumia ndimu, tangawizi na vitunguu kuleta ladha. Na ukitaka kuonja, toka nje penye utulivu."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, amejaa vumbi la mbao. "Ukitaka kuonja, gonga ukuta, nitazima mashine," alisema.

"Na wewe fundi, vaa vizibo vya masikio," mhudumu alimwambia. "Kelele hizo zitakuua masikio kabla hujazeeka."

Tangu siku ile Mama Mwiko alipima chumvi. Wateja wengine walinung'unika mwanzoni, wakamwita bahili wa chumvi. Baada ya muda walizoea. Mume aliendelea na dawa zake, na mhudumu alipokuja kumpima tena, kicheko kilimrudia. Presha ilikuwa imeshuka.

Jioni hiyo Mama Mwiko aliandaa chakula. Kando ya bakuli la mumewe aliweka kikombe cha maji.

"Nisamehe, baba watoto. Ulisema kweli, nami nikakujibu vibaya. Kama umezidi chumvi, tia maji. Sitakasirika."

Mume alichota mchuzi, akaonja taratibu. Akaonja tena. Kisha akachukua kikombe cha maji.

Mume aliinuka na kikombe chake, akaenda mlangoni, akamimina maji yote kwenye mchicha.

"Huu ndio wenye kiu," alisema, akarudi kula.