Mahindi Niliyoyaosha Maji Matatu

Mimi ni mwanamke nisiyetupa kitu. Kipande cha sabuni kikikaribia kuisha, nakibandika kwenye sabuni mpya. Chupa tupu naziweka. Mke wa mwanangu hunitania kwa hilo. "Mama," husema, "siku moja utatuhifadhi na sisi ndani ya kopo."

Mkwe wangu huyo ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko sebuleni, chini ya dirisha. Tunapendana, lakini ulimi wake ni mkali na mimi namwogopa kidogo. Naona bora nilitangulize hilo, kwa sababu woga huo nusura utuulie mtoto.

Mwanangu huchomelea vyuma, na hutoka nyumbani mapema. Tunaobaki ni mkwe, mimi, na mjukuu wangu wa miaka mitano. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Tena kuna paka, jina lake Mkaguzi. Hakuna sufuria inayopita jikoni kwetu bila yeye kuikagua.

Nyuma ya nyumba nina bustani. Nimepanda nyanya, vitunguu na mistari michache ya mahindi. Kila asubuhi namwagia ndege makombo. Tetere huja wawili wawili, na shomoro huja kwa kundi, wakigombana kama watu wa mirathi. Chiriku hukaa kizingitini akiwahesabu. Akifika kumi na mbili hurudi kwenye moja.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimemaliza kupanda mahindi, na mbegu zilibaki kwenye pakiti, kama bakuli mbili hivi. Zilikuwa za rangi ya waridi. Nilijua rangi ile ni ya dawa. Sitajifanya sikujua. Muuzaji aliniambia dawa hiyo huzuia wadudu wasile mbegu ardhini.

Lakini nilifikiri kwa akili yangu. Mboga ikiwa na mchanga, unaiosha na mchanga unatoka. Basi dawa nayo itatoka. Nikaweka mbegu kwenye beseni nikasugua. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Ya pili yalitoka kama chai ya rangi. Ya tatu yalitoka meupe kabisa. Nikafurahi. Maji yote nikayamwaga kwenye nyanya, nayo pakiti tupu nikaitupa kwenye pipa la taka.

Konzi moja ya mahindi niliwatupia ndege. Mengine nikayabandika jikoni yachemke. Baada ya saa mbili Chiriku alianza kunisumbua.

"Bibi, yameiva?"

"Bado."

"Nionje nikuambie kama bado?"

Nikacheka. Nikamchotea kijiko kimoja, nikampulizia, nikamlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Akatafuna huku amekunja uso.

"Machungu," akasema. "Siyataki." Akakimbilia nje.

Machungu. Hata neno hilo halikunishtua. Nilidhani anadeka.

Haukupita muda mrefu akaniita kutoka bustanini. "Bibi, tetere hawataki kuruka."

Nikatoka. Tetere watatu walikuwa chini, mabawa yamefunguka, vichwa vinatikisika. Shomoro mmoja alikuwa amelala chali. Mwingine alijaribu kupanda ukuta, akaanguka. Nikajiambia ni ugonjwa tu, ndege huugua kama kuku. Nikajiambia hivyo mara mbili. Kisha nikamwona Mkaguzi kwenye kona, ananyonyoa manyoya ya tetere wa nne.

Nikamfukuza. Alikwenda hatua chache, miguu ya nyuma ikamkataa. Povu likamtoka mdomoni. Akanitazama, na mimi nikayakumbuka mahindi yaliyokuwa jikoni.

Sikumfuata paka. Nilikimbia jikoni, nikaibeba sufuria ikiwa ya moto, nikaenda kumwaga mahindi yote kwenye shimo la taka nyuma ya bustani. Nikayafunika kwa majani makavu. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza mkwe wangu atasema nini. Mungu anisamehe.

Nyuma yangu nikasikia Chiriku anatapika.

Mkwe wangu alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akampakata mtoto pale chini. Chiriku alikuwa anatoka jasho na mate mengi. Hakuwa anasema kitu.

"Mama, amekula nini?"

"Hajala kitu," nikasema.

Nilisema hivyo. Maneno yalitoka kabla sijayafikiria, na yakishatoka sikujua jinsi ya kuyarudisha.

"Hajala kitu kabisa? Mbona anatapika hivi?"

"Labda ni jua."

"Lete maziwa basi. Tumpe maziwa." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Chiriku, mama yuko hapa. Niambie unaumwa wapi." Mtoto alifungua macho tu, akayafumba. Nikaleta kikombe cha maziwa, mkwe akakipokea.

Wakati huo jirani yetu alikuwa ameshafika mlangoni. Ni bwana shamba, mtu wa kufundisha wakulima, na tumepakana ua. Mkononi alivaa mfuko wa plastiki kama glavu, na kwa mkono huo ameshika shomoro aliyekufa.

"Hodi. Huyu kaanguka kwangu," akasema. "Nani kapanda leo?" Kisha akamwona mtoto. Akamtupa yule ndege chini. "Amekula nini?"

"Mama anasema hajala kitu," mkwe wangu akajibu.

Bwana shamba hakunitazama kwa hasira. Angenitazama kwa hasira, labda ningeendelea kudanganya. Aliniuliza polepole, "Mama, mbegu zilizobaki ziko wapi?"

Nilimtazama Chiriku. Kidole chake kimoja kilikuwa kinachezacheza chenyewe.

"Nimezichemsha," nikasema. "Nilimpa kijiko. Nilikuwa nimeziosha, maji matatu."

Mkwe wangu alimkumbatia mtoto, akanipa mgongo. Afadhali angenitukana.

"Hakuna maji yanayoosha dawa ile," bwana shamba akasema. "Kinachotoka ni rangi, sumu inabaki. Na kuchemsha hakuiondoi. Hayo maziwa weka chini, asinywe chochote. Wala msimtapishe, anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu. Mfute mdomo, mvue hiyo nguo yenye matapishi. Mimi naleta gari. Mama, pakiti iko wapi?"

"Pakiti ya nini tena?"

"Ina jina la dawa. Daktari akilijua, hatabahatisha."

Nikaliinua pipa la taka nikalipindua pale uani. Nilifukua maganda, majivu na vitambaa vya cherehani. Pakiti ilikuwa chini kabisa, imekunjika. Nikaipangusa kwenye gauni langu. Pembeni palikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nilikuwa nimeishika pakiti ile asubuhi nzima na sikuitazama hata mara moja.

Njiani mkwe wangu alimbeba Chiriku akiwa amemlaza ubavu. Mimi nilihesabu pumzi zake. Kila ikichelewa moja, na mimi nilishindwa kupumua.

Hospitalini daktari alisoma pakiti, akamwita muuguzi, wakaingia na mtoto ndani. Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi, mimi huku, mkwe kule, katikati pangetosha watu watatu. Nilisali. Nilimwambia Mungu anichukue mimi, maana mimi ndiye niliyekwisha kula chumvi nyingi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama daktari alipotoka.

"Amepata dawa yake," akasema. "Mapigo ya moyo yanarudi vizuri. Tutamwangalia siku mbili. Bahati alikula kidogo, na bahati mlikuja na pakiti. Mngekaa nyumbani mnangoja atulie, tungekuwa tunazungumza mengine."

Alipoondoka, mkwe wangu akaniuliza bila kunitazama, "Mama, kwa nini ulisema hajala kitu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele za watu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata na chozi moja. Kisha akasogea pale benchi mpaka bega lake likagusa langu.

"Siku nyingine niambie kwanza," akasema. "Kuniogopa utaniogopa baadaye."

Mkaguzi tulimkuta amekufa. Bwana shamba alituchimbia shimo refu, mbali na kisima. Hatukumshika yeye wala ndege kwa mikono mitupu. Tulitumia koleo, tukawazika pamoja na yale mahindi ya shimoni, tukafukia na kushindilia ili mbwa wasifukue. Nyanya nilizozimwagia maji yale tuliziong'oa zote nazo zikaenda shimo hilo hilo. Iliniuma, lakini niling'oa.

Siku hizi nanunua mbegu kwa kipimo cha shamba langu. Zikibaki, zinakaa kwenye pakiti yake yenyewe, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu ya kabati, zikingoja msimu mwingine. Wala sizitoi kwa ndege, kuku au mtu. Nikipanda nafukia vizuri, punje isibaki juu. Nikimaliza naosha mikono kwa sabuni kabla sijagusa hata kikombe. Kwa karibu mwezi mzima hakuna ndege aliyekuja. Asubuhi moja akatua tetere mmoja, wa pili akafuata.

Chiriku alipona. Alimlilia paka wake wiki nzima, na nilimweleza ukweli, kwamba ni mimi niliyekosea. Alinisikiliza kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Juzi nilikuwa napalilia vitunguu. Akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bibi, nimemeza kifungo cha mama. Cheupe. Sasa hivi. Usinigombeze."

Maneno ya kugomba yalikuja mpaka kwenye meno. Nikayameza.

"Umefanya vizuri kuniambia," nikasema. "Unapumua sawasawa? Hukohoi?"

"Napumua. Bibi, namwogopa mama."

"Hata mimi namwogopa," nikasema. Nikamshika mkono wake mdogo, tukaenda wote wawili kumwambia.