Ubeti wa Tatu

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo na kufua soksi zangu za shule, shangazi alipiga kofi moja na kusema, "Haya mwigizaji, twende kazini!" Nami nilivaa kandambili zangu, tukashika njia ya ukumbi wa mtaa, kwenye mazoezi ya kikundi cha maigizo.

Shangazi ni fundi cherehani. Kikundini walimwita Kengele, maana sauti yake ikitoka, hata aliye barabarani hugeuka. Kiongozi wetu alikuwa kinyozi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nywele za wateja zikiwa bado kwenye mikono ya shati, akatuongoza kwa kitana badala ya fimbo. Mwaka huo alichagua mchezo wa nyimbo wa zamani sana, ambao babu na bibi zetu waliutazama walipokuwa vijana. Ulihusu dobi mjane aliyehangaika kumsomesha binti yake. Humo watu wanaongea kidogo, wanaimba; wanagombana kidogo, wanaimba tena.

Shangazi alikuwa na miaka tisa kikundini. Miaka yote hiyo aliwashonea wenzake mavazi na kuimba nyuma pamoja na kundi. Safari hii ndipo alipopewa wimbo wa kuimba peke yake, wimbo wa mjane. Aliuimba nyumbani akishona, mpaka baba akasema hata cherehani imeshauhifadhi.

Mimi nilikuwa mmoja wa madobi wanane. Katika wimbo wa kufua tulisimama wawili wawili, kila jozi na ubeti wake. Mimi na shangazi tulipewa ubeti wa tatu, mistari minane, maneno yanakimbizana. "Jumamosi ijayo nataka kila mtu awe ameshika maneno yake," kinyozi alisema. Wiki hiyo mimi niliruka kamba. Siku ilipofika nilijua mistari miwili tu.

"Kuna asiyejua?" kinyozi akauliza.

Nikatazama pembeni. Binti wa muuza magazeti, dobi mwenzangu niliyemzidi miaka miwili mizima, alikuwa anaimba bila kutazama karatasi. Niinue mkono mbele yake? Thubutu!

Basi nikabuni ujanja. Shangazi alipoimba, mimi nilifungua mdomo na kuufunga. Nilikunja uso, nikatikisa kichwa, nikatoa macho.

"Mwoneni huyu," kinyozi akasema. "Anaimba kwa moyo wote!"

Nilijiona mjanja kweli. Kila wiki nilijiambia nitajifunza wiki ijayo, na kila wiki ilikuwa vigumu zaidi kusema, kwa sababu sasa ingebidi nieleze na zile wiki zilizopita. Siku moja tukirudi nyumbani shangazi aliniuliza, "Mwanangu, ule ubeti umeushika?"

"Nimeushika, shangazi." Sikupepesa hata jicho.

Alinitazama kidogo, kisha akaanza habari za bei ya vitambaa. Kuanzia Jumamosi iliyofuata aliuimba ubeti wa tatu kwa nguvu mara mbili, mishipa ya shingo ikimtoka. Nilidhani anafurahia.

Jumatano, siku tatu kabla ya onyesho, aliamka hana sauti. Alitaka kuniita, ukatoka mkwaruzo mtupu. Daktari alimwambia asiseme neno mpaka Jumamosi, na siku hiyo asiimbe zaidi ya wimbo mmoja, tena mfupi. Jioni tukaenda ukumbini. Alibeba chaki yake ya kushonea na kipande cha kitambaa cheusi, akawa anaongea kwa kuandika.

Kinyozi alisoma maelezo ya daktari, akapumua. "Afadhali! Basi hakuna tatizo. Wewe Kengele utabaki na wimbo wako wa mjane. Ubeti wa tatu atauimba huyu binti yako peke yake. Si anaujua vizuri?"

Wote wakanigeukia.

Shangazi akaandika haraka haraka, akainua kitambaa: NITAIMBA UBETI. WIMBO WANGU APEWE MUUGUZI.

Muuguzi, aliyekuwa dobi mwenzetu, akaruka. "Mimi? Dada, umerogwa? Miaka tisa unausubiri wimbo huu!"

Shangazi akapiga mstari chini ya maneno yale. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mwanzo, na sauti ile aliimaliza akiimba ya watu wawili.

"Siujui," nikasema.

"Hujui nini?" kinyozi akauliza.

"Ubeti. Sijawahi kuuimba hata siku moja. Nilikuwa nachezesha mdomo tu. Shangazi ndiye aliyeniimbia."

Mtu mmoja alicheka, akaacha ghafla. Kinyozi hakunifokea, ningefurahi angefoka. Alivuta kiti, akaketi. "Imba unachokijua," akasema. Nikaimba mistari miwili. Wa tatu haukuja. Masikio yaliniwaka moto, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nilikusifu mbele ya watu wazima," akasema polepole, "kwa jasho la shangazi yako. Nani atamfundisha huyu mpaka Jumamosi?"

"Mimi," akasema binti wa muuza magazeti.

Alinifundisha bila huruma. "Rudia! Umemeza neno. Rudia!" Niliimba nikiosha vyombo, nikaimba njiani kwenda shule, mpaka baba akajiziba masikio kwa pamba. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeushika ubeti wote. Siku mbili tu! Kitu nilichokificha kwa wiki saba kilihitaji siku mbili.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Ubeti wa tatu ulipofika, shangazi alisimama pembeni yangu ameshika beseni, mdomo ameufunga. Niliimba peke yangu. Sauti ilitetemeka, mstari mmoja niliukimbiza, lakini nilifika mwisho.

Kisha ukaja wimbo wa mjane. Shangazi alianza vizuri. Alipofika pale juu, pale ambapo nyumbani alipanda bila taabu akishona, sauti ilikatika. Alinyamaza kidogo, akaushika wimbo kwa chini, akaumaliza hivyo hivyo. Watu walipiga makofi kwa nguvu. Wao hawakuwa wameusikia kule kwenye cherehani. Mimi nilikuwa nimeusikia. Nilijificha nyuma ya pazia nikalia.

Alinikuta huko, amekuja kukusanya mavazi.

"Shangazi, nisamehe. Nimekuharibia wimbo wako."

"Nilikusamehe Jumatano," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Na mimi nina kosa langu. Nilijua, nikanyamaza, nikidhani nakusitiri. Kumbe tukawa wawili tunaoficha."

"Niliona aibu kusema sijui."

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kutojua si aibu, mwanangu. Asiyejua akisema, hufundishwa, umejionea mwenyewe. Lakini ukijifanya unajua, mzigo wako haupotei. Anaubeba mtu mwingine, na mara nyingi ni yule anayekupenda."

Nikafuta machozi. "Sauti yako itarudi?"

"Itarudi. Daktari amesema wiki mbili." Akakunja gauni la mjane, akaliweka ndani ya mfuko. "Ila siku ya leo hairudi."

Hakusema kwa hasira. Alinipa mfuko mmoja, akabeba wa pili, tukaenda nyumbani.