Mkate wa Sungura na Mnara wa Upepo

Kila alipotoka zamu mgodini, Valer Bistrian alibakiza kipande cha mkate mfukoni. Kilikuwa kipande kidogo tu, mara nyingi kimeshika vumbi la makaa. Binti yake, Ilinca, alimngoja mlangoni na kunyoosha mkono.

"Sungura kaleta nini leo?"

"Kaleta mkate. Kasema ule wote, usiache ganda."

Ilinca alikuwa na miaka minane na alijua fika kwamba chini ya ardhi hakuna sungura. Alikula hivyo hivyo. Watoto wa wachimba makaa wa bonde la Jiu wote wamekula mkate huo, na baba zao kabla yao. Mama yake, Domnica, aliweka mezani ugali wa moto na jibini, lakini mtoto alianza na ule mkate mkavu. Hapo ndipo aliposadiki kwamba baba amerudi.

Kisha ikatangazwa kwamba mgodi utafungwa mwisho wa mwezi wa tano. Valer alikuwa amefanya kazi humo miaka kumi na tisa. Binamu yake akampigia simu kutoka Hispania, akamwambia huko kuna kazi ya kuchuma matunda na basi huondoka mjini Petroșani kila Jumamosi. Valer akanunua begi kubwa, akaliweka nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo Ilinca alilipita begi lile bila kulitazama.

Mtaani kwao watoto wengi walilelewa na bibi zao. Wazazi wao walikuwa wamekwenda kufanya kazi ng'ambo, wakawaona kwenye simu tu. Valer aliwajua watoto hao kwa majina, na moyo ulimuuma kufikiri kwamba Ilinca angekuwa mmoja wao. Hata hivyo hakuona njia nyingine.

Ghorofa ya chini aliishi Bi Veturia. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alifanya kazi katika chumba cha taa pale mgodini. Mchimbaji alimpa kibati chenye namba yake, naye akampa taa. Mchimbaji alipopanda juu alirudisha taa na kuchukua kibati chake. Kwa kutazama vibati vilivyobaki ubaoni, Bi Veturia alijua nani bado yuko shimoni. Sasa aliajiriwa katika kituo kipya cha mafunzo huko Petrila. Kituo kilifundisha mafundi wa minara ya upepo, ile inayofua umeme, na yeye aliandikisha wanafunzi.

Jioni moja alipanda ngazi akiwa na fomu mkononi. Alikataa kahawa, kisha akanywa vikombe viwili.

"Hispania haikimbii," alisema. "Jaza hii kwanza."

Valer akajaza jina na tarehe ya kuzaliwa. Alipofika penye swali la ujuzi alionao, akaandika neno moja: Sina.

Bi Veturia akavaa miwani, akasoma, na uso ukambadilika.

"Sina? Valer, nani alikuwa anapima gesi kabla wenzako hawajaingia?"

"Mimi."

"Nani alikuwa anazima umeme wa mashine na kutia kufuli, mtu asije akauwasha fundi yumo ndani?"

"Hizo ni kazi za kila siku, Bi Veturia."

"Na mwenzako Petru alipobanwa mguu shimoni, nani alimtoa kwa kamba?"

Domnica akamjibia kutoka jikoni. "Ni yeye."

"Basi andika yote. Wenye minara wanatafuta hayo hayo. Mtu anayeheshimu umeme na kamba haokotwi barabarani. Usilolijua watakufundisha."

Akamweleza yaliyobaki. Shule yake ya darasa la nane ilitosha kuanzia. Kwanza daktari angempima moyo, macho na masikio. Kisha angesoma miezi mitatu: umeme, huduma ya kwanza, kukaza nati kwa kipimo, na kufanya kazi mahali pa juu. Wanawake pia walikuwa wameandikishwa. Siku ya mtihani kampuni ingekuja kuchagua watu. Kazi ilikuwa katika milima ya Banat, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa jioni mtu yuko kwake.

"Mimi ni mtu wa chini," Valer alisema. "Huko juu nitatapika."

"Utatapika wiki ya kwanza. Ndoo ipo."

Alitapika wiki mbili juu ya mnara wa mazoezi. Wiki ya tatu akaanza kutazama mbali, akaliona paa la jengo lao, na tangu hapo akapanda kama wengine.

Mwalimu wao alikuwa Ancuța, fundi wa umeme mwenye maneno machache. Aliwafundisha sheria moja kila asubuhi. Kila mtu ana kulabu mbili kwenye mkanda wake wa usalama. Moja iwe imeshika mnara wakati wote. Usifungue hii kabla ile haijashika.

Mtihani ulifika mwisho wa Agosti. Valer alipanda mita ishirini na tano, akakaza nati zake vizuri. Kisha Ancuța akapuliza filimbi na kutangaza kwamba mtu ameumia. Upande wa pili wa jukwaa alining'inia mwanasesere mzito wa matambara.

Valer hakufikiri. Kule shimoni mwenzako akilia, unakwenda. Alifungua kulabu zote mbili, akakimbia ukingoni, akamfikia mwanasesere kabla filimbi haijanyamaza. Kamba ya tatu, iliyoshikwa na mwalimu, ndiyo pekee iliyomlinda. Alijiona ameshinda wote.

Ancuța alimshusha. "Yule umemwokoa," alisema kwa upole. "Wewe umekufa. Sasa tuna watu wawili wa kushusha."

Akashindwa. Aliambiwa angerudia mara moja tu, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Valer akampigia binamu yake, akaandikisha jina kwenye basi la Jumamosi itakayofuata Ijumaa hiyo.

Siku hiyo alisahau kubakiza mkate. Ilinca alinyoosha mkono, akaurudisha taratibu. Akaenda kukaa juu ya begi.

"Kwa hiyo unaondoka," alisema.

Valer alipiga magoti mbele yake.

Asubuhi Bi Veturia alimsubiri langoni pa kituo. Habari alikuwa nazo.

"Miaka kumi na tisa umekuja dirishani kwangu," alisema. "Kuna siku ulishuka bila taa?"

"Hakuna."

"Hata siku ya Petru?"

Valer akainama. "Siku hiyo nilitaka kushuka bila taa. Ulinishika mkono, nikakutukana."

"Ulinitukana na marehemu mama yangu ukamtia humo. Halafu Petru ulimwona kwa taa ya nani?"

Valer akacheka kidogo kwa aibu.

"Kulabu ndiyo taa yako sasa," Bi Veturia alisema. "Hakuna anayekuzuia kwenda kwa mwenzako. Nenda ukiwa mzima ili mrudi wawili. Mimi nimekaa na vibati ambavyo wenyewe hawakuja kuvichukua, Valer. Sitaki kingine." Akajifanya anatafuta funguo.

Tangu jioni hiyo Valer alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo lao. Alijifunga kamba mbili kiunoni, akawa anazipachika kwenye reli, moja baada ya nyingine. Majirani walimtania kama mpanda milima, wakamuuliza kama huko juu kuna theluji. Ilinca alikuwa mkaguzi.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi fungua nyingine. Polepole, baba. Umekosea, rudi chini."

Walipanda na kushuka hadi Domnica alipowaita kula, kila siku, kwa siku zote zilizobaki.

Ijumaa filimbi ililia. Miguu ya Valer ilitaka kukimbia. Akasikia moyoni lile swali la mtoto, akalijibu kwa sauti mbele ya watahini. "Imeshika." Akahamisha kulabu ya pili. "Imeshika." Alichukua dakika mbili nzima kumfikia mwanasesere. Alimfunga, akamshusha, kisha akashuka mwenyewe. Ancuța akatia saini cheti chake. Watu wa kampuni walisoma fomu yake mara mbili, wakamuuliza habari za gesi na kufuli za umeme, wakamwajiri yeye na wengine wanne.

Jumamosi basi la Hispania liliondoka bila yeye. Jumatatu begi lilitoka nyuma ya mlango likiwa na buti na nguo za kazi.

Ijumaa jioni alirudi kutoka Banat. Ilinca alikuwa mlangoni. Alinyoosha mkono, lakini uso ulikuwa na mashaka.

"Huko juu hakuna sungura."

"Hakuna. Kuna mwewe. Alipita karibu, nikamwomba." Akatoa kipande cha mkate, kikavu, cheupe, bila vumbi.

Ilinca alikipokea, asikile. Akamtazama baba yake machoni.

"Ulipokuwa unaomba, ilikuwa imeshika?"

"Zote mbili," alisema Valer.

Ndipo akala, pamoja na ganda.