Kiti Kitupu Kwenye Diski

Sauti iliyomshtua fundi wa kompyuta mchana ule ilikuwa ndogo tu: trr, trr, kisha tik. Ilitoka kwenye mashine aliyoitengeneza juzi. Mama mshonaji aliibeba kifuani kama mtoto mwenye homa, akaiweka mezani, akasema inakwaruza kama zamani.

Fundi alitaka kucheka. Diski kuukuu, ile ya sahani inayozunguka, aliitoa kwa mkono wake akatia SSD, diski mpya ambayo ndani yake hamna kinachozunguka wala kinachogusana. Kusema inakwaruza ni sawa na kusema jiwe limekohoa. Akafungua mfuniko, akachomoa feni, akachomoa na spika. Sauti ikaendelea, na sasa ikaja na harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama," aliuliza taratibu, "nyumbani kwema?"

Hakukuwa kwema. Binti yake wa pekee, aliyekuwa mzima miaka minne, tangu juzi hali wala halali. Amekaa kitandani kaupa ukuta uso, anaukwaruza kwa ukucha. Mama akaigiza kwa kidole juu ya meza: mkwaruzo, mkwaruzo, kisha akagonga mara moja.

"Mwanangu, nilikuambia usiache hata kitu kimoja. Kisomo cha marehemu kiko wapi?"

Hapo ndipo fundi alipojua alilolitenda. Marehemu mume wa yule mama alikuwa mwalimu wa Kurani. Binti aliposhikwa na jini, baba alijirekodi kwa kamera akisoma saa tisa mfululizo, akaiacha video ijirudie kwenye kompyuta chumbani kwa mwanawe, sauti chini kabisa, mchana na usiku. Jini likakaa mbali. Miaka minne mashine haikuzimwa. Diski ilipochoka, kisomo kikaanza kukwamakwama, ndipo mama akaileta; na kwa kuona aibu kumtangaza bintiye, hakueleza sababu.

Naye fundi alifanya la mafundi. SSD aliyokuwa nayo ilikuwa na nafasi ndogo kuliko diski ya zamani, akatafuta cha kupunguza. Akakuta faili moja kubwa kuliko yote, akalifungua: ukuta, kiti kitupu, kimya. Akaliona takataka, akaliacha. Alipoulizwa kama vyote vimehama, akajibu vimehama vyote, mama, ondoa shaka. Uongo mwepesi wa kikazi, ambao wengi wetu hututoka hata bila kumeza mate. Mola atusamehe.

Bahati, diski kuukuu ilikuwa bado kwenye droo, hajaifuta. Akairudisha kwenye mashine, wakaenda wote wawili.

Ilikuwa saa saba, jua limejaa dirishani, na bado chumba cha binti kilikuwa baridi kama kisima. Binti hakugeuka. Fundi akawasha. Kwenye kioo kikatokea kiti kitupu, na binti akasema kwa sauti nzito ya kiume, bila haraka:

"Hatakuja."

"Alikwenda kutawadha kwanza," mama alimnong'oneza fundi. "Subiri, mwanangu."

Wakasubiri, na diski ikakwaruza, na ukucha nao ukakwaruza ukutani ukiifuata, trr kwa trr, mpaka fundi akawa hajui tena ipi ni ipi, na ile harufu ya nywele ikamjaa kooni, na picha ikakwama, kiti bado kitupu, na mlango wa chumba nyuma ya fundi ukaanza kujifunga polepole pasipo upepo, na binti akamgeuzia uso, macho meupe pe, akamwambia kwa upole wa mtu anayeshukuru: "Wewe ndiye uliyenifungulia. Mwambie tena huyu mama ulivyomwambia."

Fundi akamgeukia mama.

"Nilikudanganya, mama. Faili nililiona. Nililiacha makusudi."

Diski ikagonga tik. Picha ikatembea. Mzee akaingia, maji ya udhu yakimdondoka ndevuni, akaketi, akaanza kusoma. Binti akalegea ubavuni mwa mama yake, akalala.

Kesho yake fundi alitia SSD kubwa, hakutaka malipo. Akalihamisha lile faili mbele ya mama, wakalitazama mwanzo hadi mwisho, saa tisa, hakuna aliyenyanyuka ila kwa sala. Binti amesharudi kazini. Ile SSD ndogo fundi aliifuta mara tatu, akaifungia droo, haijachomekwa popote.

Juzi mteja mmoja alikuja kuchukua kompyuta yake, akauliza kwa mazoea tu, "Umehamisha vyote, fundi?"

Fundi akafungua mdomo ajibu upesi, kama zamani.

Droo ikafanya trr, trr, ikanyamaza, ikingoja jibu.