Godoro la Bibi Katarina

Tumsifu Yesu Kristo, majirani. Wengi wenu hapa Mbinga mnanijua: ndimi Kilian, fundi bomba, yule wa baiskeli nyekundu na mfuko wa spana. Leo sitafuti kazi. Nimekuja kuungama mbele yenu, na anayetaka kunisema aniseme tu, maana mimi nami nimewasema wengi.

Nyumba ya Mwalimu Ignatio mnaijua. Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mkewe, Walburga, alikuwa akiimba nyimbo za kwaya jikoni, na mama yake Mwalimu, Bibi Katarina, akiota jua mlangoni na rozari yake. Usafi wa bibi yule ulikuwa wa kutisha! Shuka alifua mwenyewe, na mtoto akipita na kamasi aliitwa akapanguswa, awe wake asiwe wake. Mwezi wa nane mjukuu wake alikuwa apewe upadre, basi Mwalimu akatengeneza bafu la ndani, ukutani akaweka marumaru za maua ya bluu kutoka Dar es Salaam. Nyumba yenyewe ni ya matofali mabichi kama nyingi zetu, ila mle bafuni ungedhani uko hotelini.

Mwezi wa tano koki ya shawa ikaanza kuvuja. Nikaitwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu tazama hii koki, Kilian."

Nikatazama. Maji yalitoka nyuma ya marumaru, yakachungulia pembeni mwa koki na kuchuruzika chini. Nikamwambia koki imepasuka kwa ndani; tuvunje marumaru nne, tuitoe, tufunge mpya.

"Uvunje nini? Marumaru hizi haziuzwi tena. Wageni waje waone kiraka? Wewe paka silikoni kuizunguka, maji yasionekane."

Ndugu zangu, huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Ile methali ya ufa na ukuta niliijua kwa chaki yake, na kwa fimbo yake pia. Mdomo wangu huu unaobishana na soko zima ulifungika pale pale. Nikapaka silikoni. Maji yakatoweka, Mwalimu akanipiga bega, nami nikaondoka nimejaa furaha, mjinga mimi. Kumbe maji hayakukoma. Yalikosa pa kutokea bafuni, yakageukia ndani ya ukuta. Na upande wa pili wa ukuta ule ni chumba cha Bibi Katarina. Kitanda chake kilikuwa kimesukumwa palepale, na ukuta umefunikwa kitambaa cha mapambo.

Juni ikaingia, na baridi yetu mnaijua. Siku moja napita, naona godoro limeanikwa juu ya ua. Bibi amekaa kando yake, amejifunika kitenge hadi kidevuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Hakuniangalia. "Wanasema nakojoa kitandani. Mimi! Nimeacha chai ya jioni. Sasa nimeacha na maji. Asubuhi bado pamelowa. Hivi, Kilian, mtu anaweza kukojoa asichokunywa?"

Nilikijua kile chumba, niliujua na ule ukuta. Nikamfuata Mwalimu kwenye vichanja vya kuanikia kahawa.

"Mwalimu, lile godoro la Bibi… labda ni ile koki."

"Koki si uliiziba mwenyewe? Au hujui kazi yako?"

Nilishikwa pabaya. Nikisema inavuja, nimejitangaza kuwa fundi wa uongo. Nikanyamaza.

"Mama ana miaka themanini na sita," akasema taratibu. "Ni uzee tu. Tumvumilie."

Alisema kwa huruma kabisa, na hapo ndipo panaponiuma. Hakuwa mtu mbaya. Walburga naye, kwa upendo, akamtandikia nailoni chini ya shuka. Nailoni haikusaidia kitu, maana blanketi nalo liligusa ukuta. Bibi akaacha kukaa mlangoni. Aliona aibu.

Julai akashikwa na kifua. Kwa kuwa alikuwa hanywi, hakuwa na nguvu hata ya kukaa. Wakampeleka hospitali kule Litembo, Walburga akabaki naye. Aliniambia baadaye kwamba neno la kwanza Bibi alilomwambia nesi lilikuwa kuomba nailoni. "Nitandikie, mwanangu, nisije nikawaharibia godoro lenu."

Siku ya tatu Mwalimu aliingia chumbani kwa mama yake kuchukua nguo za kubadilisha. Akaketi kitandani. Akainuka haraka, suruali imelowa. Siku tatu hakuna mtu aliyelala pale.

Alinipigia simu, sauti yake sikuitambua. Nilipofika alikuwa ameshika nyundo. Hakuvunja marumaru nne, alivunja za ukuta mzima, na maua ya bluu yametapakaa sakafuni. Nyuma ya marumaru matofali yalikuwa tope. Nikafunga maji kwenye mita, nikatoa koki. Ufa wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole kidogo. Kufunga koki mpya kulinichukua saa moja. Saa moja, jamani!

Tukapanda bodaboda hadi Litembo. Mwalimu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ni bomba. Hukuwa wewe. Unanisikia? Hukuwa wewe."

Bibi alikuwa anapumua kwa shida, macho nusu wazi, lakini hakujibu. Mwalimu akarudia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kimatengo. Mimi nimesimama pale na spana mfukoni, sina cha kukaza. Jioni ile Bibi akafariki. Walipomwondoa, Mwalimu aliingiza mkono chini ya shuka, akapapasa juu ya ile nailoni aliyotandikiwa, kichwani hadi miguuni. Ilikuwa kavu.

MAFUNZO

Mzee akikwambia amelowa, shika ukuta kwanza kabla ya kumlaumu. Uzee si jibu la kila swali.

Uvujaji uliofichwa haujatengenezwa. Fundi akisema vunja, vunja, hata kama marumaru zimetoka mbinguni.

Na ninyi mafundi wenzangu, nanyi vijana wote: heshima kwa mkubwa si kunyamaza unapojua. Mimi nilimheshimu Mwalimu wangu, na Bibi Katarina akaenda kaburini akidhani aibu ile ilikuwa yake.

Bafu lile mpaka leo halina marumaru. Wageni wa upadre waliuona ukuta mtupu, na kila aliyeuliza, Mwalimu alimweleza habari ya mama yake mwanzo hadi mwisho.