Mgeni wa Mwezi wa Shaabani

Duka la Marhoon lilikuwa katikati ya soko la Matrah, jirani na Maskati, pale kichochoro kinapobana hata punda wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Asubuhi ile ya Shaabani, mwaka 1970, watu walikuwa wakirudi mjini kutoka mashamba ya mitende ya Sib, walikokwenda kukimbia joto, na kila aliyerudi alitaka kitu: taa, sufuria, halua, nguo za Idi kabla hata Ramadhani haijaandama. Katikati ya zahama hiyo alisimama Muhsina. Buibui lake la hariri lilikuwa limeteleza hadi mabegani, gauni lake la zambarau likaonekana, na mkononi alishika ncha ya kitambaa akikisugua kwa vidole.

"Hariri safi hii," Marhoon alimwambia kwa Kiarabu.

Muhsina alitabasamu kwa adabu, kisha akajisemea kwa Kiswahili, "Hariri ya kufungia ndizi. Uso wenyewe kama biringani bovu."

Mtu aliyesimama nyuma yake alikohoa.

"Bibi, tahadhari," alisema kwa Kiswahili cha Mjini Unguja, taratibu. "Huyo biringani kazaliwa Wete."

Muhsina alitamani ardhi immeze. Marhoon alikunja kitambaa chake kama hakusikia kitu, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mwache aseme, Mahfoudh. Tangu kufa mama yangu, sijatukanwa kwa Kiswahili kizuri kama hiki. Mpe kiti akae. Wewe binti wa nani?"

"Mimi mtoto wa ndugu yake Sleyum, wa Mkunazini. Nnakaa Dubai na mama. Nimekuja kuwazuru ami na mkewe."

"Sleyum jirani yangu," alisema Marhoon. "Kumbe nimetukanwa na jamaa."

Mahfoudh alikuwa mrefu, kanzu nyeupe imenyooka, kofia ya kazi ya mkono yenye uzi wa buluu, na mvi zimemtanda kwenye masharafa ingawa miaka yake haikuwa mingi. Alikuwa mkalimani wa forodhani. Alibeba kikapu cha Muhsina mpaka mlangoni kwa Ami Sleyum, na njia nzima hakumtazama usoni. Lakini alipofika alisema, "Umekuja wakati si wakati, Bi Muhsina. Joto halijaondoka, baridi haijafika. Wageni wa Maskati huja Januari."

"Wageni wa Januari wanaruhusiwa na kazi zao. Mie likizo yangu ndiyo hii."

"Basi itabidi mji ukuvumilie hivo hivo."

Zamani safari kama ile isingewezekana. Muhsina na mama yake waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne, na kwa miaka ile yote Maskati haikuwataka. Utawala ulipobadilika Julai, mlango ulifunguliwa kwa Waomani waliotawanyika. Kwa hiyo Muhsina, karani wa kampuni ya meli huko Dubai, alikuja kuuona mji ambao babu yake alikuwa akiutaja kila akimaliza sala, mji ambao yeye hakuwahi kuukanyaga.

Ijumaa iliyofuata Mahfoudh aliazima gari ya forodhani. Aliwapandisha Muhsina na Bi Nasriya, mke wa Ami Sleyum, wakapita njia ya mlima wa Riyam hadi Maskati yenyewe. Mji ule ulibanwa na majabali kila upande, hata mtu angedhani yuko kisiwani. Joto la miezi iliyopita bado lilikuwa limejificha ndani ya kuta. Ukiweka kiganja, ukuta unakupumulia. Bandarini, kwenye majabali, kulikuwa na majina ya meli yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe na mabaharia waliopita.

"Na wewe ungeandika jina gani?" Mahfoudh aliuliza.

"Mie si meli."

"Umekuja, utaondoka. Tofauti iko wapi?"

"Meli haiulizwi maswali mengi na mkalimani."

Bi Nasriya alicheka chini ya ushungi wake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa moyo, na alijifanya amechoka ili wao wawili watangulie hatua chache ufukweni.

Tangu siku hiyo, simu ya dukani kwa Marhoon haikutulia. Nyumba ya Ami Sleyum haikuwa na simu, basi Marhoon alikuwa akijitokeza mlangoni kwake na kuita kwa sauti ya kuadhini: "Bi Muhsina, forodhani wanakutaka!" Naye hushuka, buibui limevaliwa upande, akijifanya hana haraka.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi gani? Dunia ina mimi wengi."

"Mimi niliyekula samaki wako jana, mpaka leo nnanusa mikono."

"Basi hukunawa vizuri."

"Nilikataa kunawa, roho yangu."

Muhsina aliishika simu kwa mikono miwili. Neno lile hakuwahi kuambiwa na mtu. Marhoon alijishughulisha na kupima kitambaa ambacho hakuna mteja aliyekitaka.

Shida iliingia kwa mlango wa wanawake. Bi Nasriya alikwenda kwenye maulidi Ruwi, akarudi uso umemsawijika. Alimkalisha Muhsina jikoni.

"Mwanangu, bora nikwambie mie kuliko uje usikie kwa watu. Mahfoudh ana mke. Kamwacha Unguja. Alimuoa mwaka mmoja kabla ya mapinduzi."

"Nani kakwambia?"

"Mtu aliyekula biriani ya harusi yake."

Kesho yake Marhoon aliita mara ya kwanza, Muhsina hakutoka. Aliita tena, akatuma jibu kwamba anaumwa kichwa. Mahfoudh alikuja mwenyewe baada ya alasiri. Ami Sleyum, mzee wa maneno machache, alimkalisha sebuleni, akamwita Muhsina, akaacha mlango wazi, naye akakaa ukumbini na tasbihi yake.

"Mkeo anaitwa nani?" Muhsina aliuliza kabla hajaketi.

Mahfoudh alivua kofia, akaiweka gotini.

"Sayyida."

"Ulinificha."

"Sikukusudia kukuficha. Kila nikitaka kulitaja jina lake, kinywa kinanikauka."

"Yuko wapi?"

"Kafa."

Muhsina aliketi.

"Siku ile ya mapinduzi mimi nilikuwa mjini, yeye kaenda shamba kwa wazee wake, Bububu," alisema Mahfoudh. "Nilikamatwa, nikafungwa, kisha wakatupakia melini. Sikuruhusiwa hata kupeleka salamu. Nilipofika hapa, jamaa zangu walinidhamini, nikawa nauliza kila chombo. Mwaka wa pili akaja baharia mmoja kutoka Unguja, akanambia Sayyida binti Thani wa Bububu kafa kwa homa. Nilimsomea hitima msikiti huu hapa. Muulize Marhoon, yeye ndiye aliyepika."

Ukumbini, tasbihi ya Ami Sleyum ilikuwa imesimama.

"Ungenambia," alisema Muhsina kwa sauti ndogo.

"Ningekwambia. Nilitaka kwanza nizoee kucheka. Nilikuwa nimesahau, Muhsina. Wewe na biringani lako ndio mlionikumbusha."

Hapo Muhsina hakujizuia tena, akalia, na Mahfoudh akakaa na kofia yake gotini asijue aweke wapi mikono. Jioni hiyo hiyo alimposa kwa ami yake. Ilikubaliwa kwamba Muhsina arudi Dubai kabla ya Ramadhani akamwandae mama, na ndoa ifungwe baada ya Idi. Habari zilipelekwa kwa mama yake kwa mdomo wa msafiri, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo: mama kapiga kigelegele peke yake chumbani.

Zikawa siku njema. Mahfoudh alikodi nyumba ndogo yenye roshani karibu na forodha, akampeleka Bi Nasriya kuikagua. Muhsina alichagua mapazia kwa Marhoon, na safari hii ilikuwa hariri ya kweli. Pepo za usiku zilianza kupoa, watu wakaacha kulala juu ya mapaa.

Kisha ndege ikamleta Amur.

Amur alikuwa amesoma na Mahfoudh Unguja, na ndiyo kwanza anafika Maskati akipitia Mombasa na Dubai. Mahfoudh alimkaribisha dukani kwa Marhoon kwa kahawa. Muhsina alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akikunja vitambaa vyake. Alimsikia mgeni akisema kwa furaha:

"Nna bishara yako, ndugu yangu. Mkeo tumemwacha Dubai. Homa kidogo tu. Anapanda ndege ya wiki ijayo."

"Mke gani?" Mahfoudh aliuliza.

"Ala, una wangapi? Sayyida. Alivuka kwa mashua mpaka Tanga, akafika Mombasa. Miaka yote hiyo anaulizia habari zako."

"Sayyida kafa."

"Aliyekufa ni Sayyida binti Thani Mkubwa, jirani yao. Majina yao na ya baba zao yamefanana tu. Wako mzima, wallahi, nimekula naye meza moja."

Kikombe kilianguka. Muhsina alitoka nyuma ya pazia, akapita kati yao bila kumtazama mtu, akaenda nyumbani.

Siku mbili Mahfoudh hakuonekana. Alipokuja, macho yalikuwa mekundu na ndevu hazikuchanwa. Safari hii Ami Sleyum alikaa nao, akaanza yeye.

"Mwanangu, dini haikufunga mlango. Wake wawili si haramu. Mimi sikushurutishi, lakini usije ukasema hukuambiwa."

"Kila mmoja nyumba yake," alisema Mahfoudh. "Ntafanya uadilifu, Muhsina. Ntaapa mbele ya ami yako."

"Najua si haramu," alisema Muhsina. "Wewe ulipomsikia yu hai, ulifanya nini?"

Mahfoudh aliinamisha kichwa. "Nilisujudu."

"Kisha?"

"Kisha nikalia. Sijui nilimlilia nani, yeye au wewe. Nisamehe."

"Hapo hapana la kusamehe," alisema Muhsina. "Yeye kakungoja hata hajui kama u hai. Mie sikupata kukungoja hata siku moja. Kila nikitaka kukusikia, simu ya Marhoon inalia. Avuke bahari, apite miji ya watu, kisha afike akute kanzu yako inanukia udi wa mwanamke mwingine? Mie sitaweza kumtazama. Na wewe hutaweza kututazama sote wawili."

"Unaniacha?"

"Mie mgeni, Mahfoudh. Mgeni huondoka."

Bi Nasriya alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Alirudi nayo jikoni.

Ndege ilikuwa moja kwa wiki, ikileta watu kutoka Dubai na kuwarudisha wengine. Muhsina alijua maana yake, na hakutaka kubakia wiki nyingine. Asubuhi hiyo kiwanja cha Bait al Falaj kilijaa vumbi na watu waliokuja kupokea jamaa zao, wanaume karibu wote wamevaa kanzu na vilemba. Mahfoudh alikuwa penye uzio. Alimwona Muhsina, akainua mkono kidogo kifuani, kama anayeitikia salamu ya mbali, kisha akaushusha. Ndege ikatua.

Wanaoshuka walipishana na wanaopanda. Mwanamke mmoja mwembamba, furushi kwapani, kanga ikichungulia chini ya buibui lililochakaa, alisimama mbele ya Muhsina, akajikinga jua kwa kiganja.

"Dada, samahani. Wewe wa kwetu?"

"Wa Mkunazini," alisema Muhsina.

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. "Alhamdulillahi. Mie wa Bububu. Nnamtafuta mume wangu. Wamesema atakuja kunipokea, na wanaume wote hapa wamevaa sawasawa, na macho yangu hayaoni kwa jua hili. Anaitwa Mahfoudh."

Muhsina hakuhitaji kugeuka. "Yule penye uzio. Mrefu, mwenye kofia ya uzi wa buluu."

"Yule? Yule ana mvi."

"Ndiye."

Sayyida alitazama kwa muda mrefu. Abiria walimpita huku na huku. "Watu walinambia labda kaoa," alisema polepole. "Nami nimekuja nimeshalikubali hilo. Mwanamume hawezi kukaa peke yake miaka yote hiyo. Lakini sasa miguu inanikataa."

"Hajaoa."

"Una hakika, dada?"

"Nna hakika. Mji huu mdogo, ingesikika. Nenda, anakungoja."

Sayyida alimshika mkono, akaubusu haraka kama mtoto anavyombusu mkubwa wake, akaenda. Muhsina alipanda ngazi, akakaa dirishani. Alimwona Mahfoudh akipokea lile furushi. Alimwona akisema neno, na Sayyida akijibu, kisha Mahfoudh akauweka uso wake ndani ya furushi lile lile na mabega yakamtikisika. Ndege ikageuka, na uzio ukafichwa na vumbi.

Dubai, mama yake alimfungulia mlango na vitambaa vya harusi vimetandazwa kitandani, na sindano na uzi juu yake.

"Umekonda," alisema. "Na mchumba hajambo?"

Muhsina alivua buibui, akalikunja, akaliweka kitini.

"Mkewe kaja, mama."

Mama yake alikaa chini, akavuta mguu wake mmoja upande, akampa mwanawe paja la kulaza kichwa, na Muhsina akalia hapo mpaka kulipoadhiniwa adhuhuri.