Baba Alivyorudishiwa Ufagio

Kila asubuhi nilichota maji kwenye bomba lililokuwa karibu na lango la kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bunda, kwenye njia ya kwenda Kibara. Nilibeba ndoo moja kichwani na nyingine ndogo mkononi, kisha nikajiandaa kwenda shule. Na kila asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maji, nilimwona baba yangu akiaibishwa.

Wafanyakazi wengine walipita langoni wakisalimiana, wakaingia. Baba yangu, Eliasi Wambura, alisimama kando. Mzee Makongoro, msimamizi wa mashine, alimsogelea na kumtaka apumue. Baba alipumua mbele ya pua ya yule mzee. Kisha alitembea hatua kumi kwa kufuata ukingo wa saruji, akatia sahihi kwenye daftari, akapewa ufagio. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walijifanya wanatazama ndoo zao, lakini mimi najua walikuwa wanaona kila kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hasira zangu zilikuwa karibu. Baba yangu hakuwa mfagiaji. Alikuwa mwendeshaji wa ile mashine kubwa yenye misumeno ya duara inayotenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake. Hata vipuri vilipoadimika kama sukari na sabuni, mashine ya baba haikulala, kwa sababu aliijua kwa sauti tu. Sasa alishinda akifagia vumbi la pamba, na jioni alirudi nyumbani nywele zikiwa nyeupe kama za mzee wa miaka themanini.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Nitasema, ingawa kwa muda mrefu sikupenda kulisema jambo hilo. Msimu wa mwaka 1984, siku moja baba alifika kazini akitokea kwenye pombe ya gongo. Mashine ilikuwa imezimwa ili mwenzake aitwaye Burito atoe pamba iliyonasa kwenye misumeno. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa kwamba mwendeshaji agonge kipande cha reli mara tatu, asubiri aliye ndani atoke na kumwitikia, ndipo awashe. Siku ile baba hakugonga. Aliwasha tu. Burito alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Kamati ya wafanyakazi ilikaa. Wengi walitaka baba afukuzwe. Baada ya mabishano marefu ikaamuliwa kwamba kuanzia Januari akae mbali na mashine miezi sita, asionje pombe ya aina yoyote, apimwe pumzi kila asubuhi, na kila Ijumaa aende zahanati kuonana na mganga. Miezi ikitimia ataulizwa mbele ya Burito kama ametimiza masharti. Akiwa ametimiza, atarudishiwa mashine yake.

Mimi niliona huo ni uonevu mtupu. Mtunza ghala alifika kila Jumatatu akinuka pombe, na hakuna aliyemwambia apumue. Nilimuuliza mama kwa nini kiwanda kinamwandama baba peke yake. Mama alikuwa anapepeta mtama. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba mtunza ghala naye anakosea, lakini anahesabu magunia, hawashi misumeno. Jibu hilo halikunituliza hata kidogo.

Baba alijitahidi kweli. Majuma ya kwanza mikono ilimtetemeka mpaka chai ikamwagika. Akitoka kazini alizunguka kwa nyuma, katikati ya mashamba ya mihogo, ili asipite mbele ya kilabu cha pombe. Rafiki zake walimcheka. Ilipofika Mei alikuwa ameanza kuimba tena wakati wa kuoga, nasi tukaanza kuhesabu siku. Alipaswa kurudi kwenye mashine Jumatatu, tarehe mosi Julai 1985, siku ya kufungua msimu.

Jumapili ya kuamkia siku hiyo tulikwenda Butiama kwa baba mkubwa Chacha. Binti yake, Nyamburi, alikuwa anatolewa mahari, na wakwe walileta pombe ya ulezi. Katika ukoo wetu wakwe hawawezi kukubaliwa mpaka ndugu wa baba wa binti anywe kibuyu cha kwanza, akimalize bila kukirudisha na masalia. Ndugu wa kiume wa baba mkubwa alikuwa mmoja tu, naye ni baba yangu.

Baba aliomba apewe togwa isiyolevya badala yake. Aliomba kwa adabu, akieleza habari ya masharti ya kazini. Baba mkubwa alikunja uso.

“Eliasi, hii siyo pombe ya kilabuni,” alisema. “Hii ni ya mila. Pombe ya mila hainaga ulevi.”

“Kaka, niliahidi.”

“Ulimwahidi nani? Mashine?”

Wazee wakacheka. Mmoja wa wakwe akasema kwa sauti ya chini, lakini tukamsikia sote, kwamba kama wao hawafai basi waambiwe wazi waondoke na ng’ombe wao. Ndani ya nyumba Nyamburi alianza kulia. Baba alitazama mlango ule kilikokuwa kinatoka kilio, akatazama kibuyu, akakipokea. Alikunywa mpaka mwisho. Watu wakapiga vigelegele, na mimi, sitaficha, nilipiga makofi pamoja nao. Niliona ni kweli, pombe ya mila haihesabiwi.

Tulirudi Bunda juu ya lori la mchanga. Tulipokaribia mjini nilimsogelea.

“Baba, kesho usiwaambie,” nilimwambia. “Ile ilikuwa ya mila tu.”

Baba alinifunika kwa koti lake kwa sababu ya upepo.

Asubuhi sikuchota maji. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilimfuata baba mpaka langoni ili nimwone akikabidhiwa mashine yake. Mzee Makongoro alikuwapo na daftari lake, na Burito alisimama pembeni, mkono wa kulia mfukoni. Baba akapumua. Pumzi ilikuwa safi. Akatembea hatua kumi, akanyooka kama askari. Moyo wangu ukatulia.

“Eliasi, tangu Januari umeonja pombe?” Mzee Makongoro aliuliza.

Mimi moyoni nilikuwa nasema hapana, hapana, sema hapana.

“Jana nilikunywa,” baba alisema. “Kibuyu kimoja, Butiama, kwenye mahari ya mtoto wa kaka. Walinibana, lakini mkono uliopokea kibuyu ulikuwa wangu.”

Mzee Makongoro alifunga daftari. Aliongea na Burito kando, wakaita na wajumbe wawili wa kamati, wakazungumza. Kisha akarudi na kutamka kwamba ni miezi mitatu mingine, kuanzia siku hiyo. Akamwonyesha baba ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilipita katikati ya watu wazima, nikasimama mbele ya msimamizi mwenyewe.

“Mzee, angedanganya mngempa mashine,” nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. “Amesema kweli, mnampa ufagio. Hiyo ni haki gani? Na mtunza ghala mbona hamumuulizi?”

Baba aliniamuru niombe radhi. Nilikataa. Nilikuwa nalia, na sikujua nalia kwa hasira au kwa uchungu. Mzee Makongoro alinyamaza tu, nadhani hakuwa amewahi kufokewa na mtoto. Burito ndiye aliyenisogelea.

“Boke, njoo nikuonyeshe kitu,” alisema.

Alinipeleka mpaka kwenye mashine. Ilikuwa imezimwa. Aliinua kifuniko, nikaona misumeno imejipanga, mingi, meno yake yaking’aa. Burito alitoa mkono mfukoni. Sikuwa nimeuona karibu namna ile. Aliuingiza katikati ya misumeno, pale pamba inaponasa, mpaka kwenye kiwiko.

“Kila siku ninakuwaga hapa,” alisema. “Mara nne, mara tano kwa zamu. Ninapokuwa hapa simwoni anayewasha. Sasa niambie, jana baba yako alibanwa na wakwe akanywa. Kesho akibanwa tena akaja, na nisijue, mkono utakaokatwa ni wa nani?”

Nilitazama ule mkono. Mimi nilipiga makofi Butiama. Mimi ndiye niliyesema kwenye lori kwamba asiseme. Nilikuwa nimehesabu aibu ya baba na hasira zangu, lakini mtu huyu sikuwa nimemhesabu kabisa.

“Ni mimi niliyemwambia afiche,” nilisema.

“Basi shukuru hakukusikiliza,” Burito alijibu, akafunika mashine.

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Makongoro. Alinipokea vizuri, akaongeza kwamba kuhusu mtunza ghala nilikuwa nimesema kweli. Juma lililofuata mtunza ghala naye alianza kupumulishwa pale langoni. Alinichukia mwezi mzima, na mimi sikujali.

Lakini hasira zangu hazikuisha. Zilihama tu. Sasa niliwakasirikia wale waliomcheka baba pale Butiama, watu wazima wenye akili zao, waliokuwa tayari mwenzao apoteze kazi na mwingine apoteze mkono ili kibuyu kiishe. Mwezi wa Agosti tulirudi kule kwa harusi. Harusi nayo ina kibuyu chake cha ndugu; kikaletwa, na baba mkubwa akakinyoosha kwa baba. Baba akatikisa kichwa. Manung’uniko yakaanza upya.

Nilipiga magoti mbele ya baba mkubwa, kama tulivyofundishwa, nikamwomba ruhusa ya kusema.

“Baba mkubwa, shikamoo. Ulisema pombe ya mila haina ulevi. Baba alirudishiwa ufagio miezi mitatu kwa kibuyu kile. Na kazini kwake kuna mtu ana vidole vitatu mkono wa kulia. Ukimnywesha baba leo, nenda wewe ukamwambie mtu huyo kwamba ilikuwa ya mila.”

Mama alinishika bega kwa nguvu, nikajua nitachapwa. Ndipo shangazi Ghati, dada yao wa kwanza, akainuka kwenye mkeka.

“Mtoto amekosa adabu, lakini hajakosa neno,” alisema. “Wakwe wanataka mtu wa damu ya Chacha. Mimi nilizaliwa porini? Leteni hicho kibuyu.”

Akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kanga. Wakwe waliridhika, ngoma ikaanza, na hakuna mila iliyoanguka. Baba mkubwa hakuzungumza nami siku ile. Jioni, hata hivyo, alimpelekea baba kata ya togwa kwa mkono wake mwenyewe. Na mimi sikuchapwa.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nilikwenda tena langoni. Baba alipumua, akatembea, akaulizwa swali lilelile. Akajibu kwamba hajaonja tone. Hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Mzee Makongoro aliandika, kisha akasema kwamba kwa siku ya kwanza atamweka kijana mwingine kusafisha misumeno, ili Burito asipate hofu. Burito alikataa. Alisema kazi hiyo ni yake, na kama Eliasi ndiye anayewasha, ataifanya yeye.

Tukaongozana mpaka kwenye mashine, iliyokuwa imezimwa, na hapo Mzee Makongoro akanigeukia.

“Boke, mwezi wa saba uliniuliza hii ni haki gani,” alisema. “Sikukujibu kwa sababu jibu halikuwa limeiva. Sikiliza sasa. Ni kweli, angedanganya ningempa mashine siku ileile. Mashine naweza kumpa mtu yeyote, ni chuma tu, iko chini ya funguo zangu. Imani ya mwenzake sina funguo zake. Hiyo ameitafuta mwenyewe, kwa kusema neno lililomuumiza. Mtu akikosea kazini na kumdhuru mwingine, kuacha pombe ni nusu ya kurudi. Nusu ya pili ni kusema kweli hata siku anayoweza kuficha.”

Kabla hajamaliza, Burito alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Alimtazama baba, aliyekuwa amesimama kwenye swichi, baba akamtazama. Kisha akainama, akaingiza mkono wake wenye vidole vitatu katikati ya misumeno, akaanza kazi.